Sura ya Tatu Haitoki

Nilijiunga na masomo ya uzamifu wa kemia nikiwa na miaka arobaini na sita, kitambi, na miwani ya aina mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutafutia ile ya kusomea. Nilikuwa nimefundisha kemia shule ya upili kwa miaka ishirini, kwa hiyo nilidhani naijua maabara. Siku ya kwanza, katika mafunzo ya usalama, tulipokuwa tukionyeshwa mahali pa kuoshea macho ukirukiwa na asidi, mwanafunzi mwenzangu, binti wa miaka ishirini na saba, aliniuliza kwa upole kama ningependa kuletewa kiti. Wengine wote walikuwa wamesimama. Nilikataa, kisha nikasimama saa nzima nikiegemea friji ya kemikali kama mlinzi aliyeajiriwa kuilinda isiibwe.

Hiyo tabia ya kukataa imenigharimu mengi maishani, na mara nyingi nilikataa vitu ambavyo ningefaidika navyo. Lakini mara moja nilikataa kitu sahihi, na sitajifanya mnyenyekevu nikikisimulia.

Watu hudhani uzamifu wa kemia ni kufikiri. Ni kuosha vyombo. Unaosha chupa kwa sabuni, unasuuza kwa maji ya mfereji, halafu kwa maji yaliyotoneshwa, halafu kwa heksani, halafu unaikausha kwenye oveni, na ukiigusa ndani kwa kidole unaanza upya. Mke wangu, ambaye alikuwa ameishi nami miaka yote hiyo bila kuniona nikiosha kikombe, alipita maabara siku moja akitoka sokoni Kericho. Alinikuta mbele ya sinki, mikono imejaa povu. Alisimama mlangoni akatazama mpaka akatosheka.

"Kwa hiyo unaweza," akasema, akaenda zake.

Mbali na vyombo kulikuwa na ripoti ya maendeleo kila miezi sita, vipindi vya kuwasaidia wanafunzi wa shahada ya kwanza wasimwage asidi kwenye viatu vyao, na daftari la kuandikia zamu ya mashine. Idara ilikuwa na mashine moja tu ya kutenganisha kemikali, na sote tulikuwa tukiizunguka kama ndama wengi wenye mama mmoja. Mvua ya mawe ya alasiri, ambayo huku kwetu haina mwezi maalumu, ilikuwa ikikata umeme katikati ya kazi, na sampuli iliyokuwa ndani ilipotea. Ungesikia mtu akiguna chumba cha pili, ukajua mwezi wake umekwenda.

Na kulikuwa na semina ya Jumatano. Kila Jumatano saa nane mmoja wetu alisimama mbele ya wenzake na walimu, akaonyesha alichonacho, akaulizwa maswali mpaka ajute kuzaliwa. Aliyekuwa hodari wa maswali ni yule binti wa kiti. Wazazi wake ni wafanyabiashara wa mjini waliotoka mkoa wa Kati miaka mingi iliyopita. Yeye amezaliwa Kericho na Kikipsigis chake kina matusi mazuri kuliko changu. Alikuwa akichunguza majani ya chai, na alikuwa hapitishi kitu.

Mimi nilikuwa nikichunguza mursik. Kwa asiyeijua: maziwa yanachemshwa, yanapoa, yanamiminwa ndani ya sotet, kibuyu ambacho ndani yake kimesuguliwa kwa kijiti cha moto cha mti wa senetwet mpaka makaa yakajipaka ukutani. Kibuyu kinafungwa siku kadhaa. Yanayotoka ni machachu, mazito, ya rangi ya kijivu inayoelekea buluu, na ndiyo tunayompa mgeni, bibi harusi na mwanariadha anapotua kutoka ng'ambo. Swali langu lilikuwa jepesi kulieleza: ule moshi wa kijiti, kiasi gani chake kinabaki ndani ya maziwa? Kuni zikiungua hutoa kemikali ambazo hutaki zikuzoee tumboni, zile zile zinazokaa kwenye sehemu nyeusi ya nyama choma. Kwenye mikutano ya afya kuna waliokuwa wakisema mursik iachwe kabisa. Wazee walikuwa wakijibu kwamba haijawahi kumdhuru mtu. Pande zote mbili zilisema kwa sauti kubwa, na hakuna aliyekuwa amepima ya upande wetu wa Konoin.

Mimi nilikuwa upande wa wazee. Nakiri hilo sasa, maana sikulikiri kwenye fomu.

Kamati ya maadili ya utafiti ilitoa kibali kwa sharti moja lililoonekana la haki: kila nyumba iambiwe mapema siku nitakayokuja na ninachokuja kutafuta, na mwenye nyumba atie sahihi. Chifu akatangaza barazani. Nyumba thelathini, upande mmoja wa kilima, mbele kidogo ya Mogogosiek, mahali ambapo ukisimama uani unasikia honi ya kiwanda cha chai. Profesa wangu alisema nivae koti jeupe ili watu wajue si mzaha. Nikavaa. Nikabeba na sanduku la barafu na chupa za kahawia.

Nilipokewa kama mkwe. Kila nyumba ilikuwa imefagiwa mpaka uani, viti vimevishwa vitambaa vya kusokotwa, na chai ilitangulia ili mursik isikute tumbo tupu. Na kila nyumba, nasema kila moja, ilitoa mursik nzuri ajabu. Laini, chachu ya kiasi, bila chembe. Nilimimina kwenye chupa, kisha nikanywa bilauri yangu kwa ajili ya sayansi. Kwenye daftari langu niliandika: "Ubora wa juu eneo lote." Niliandika kwa fahari ya mtu anayesifiwa kijiji chake.

Kazi ya maabara ilichukua miezi. Unayachanganya maziwa na kimiminika kinachovuta zile kemikali, unakitenga, unakivukiza mpaka kibaki tone, unalidunga tone hilo kwenye mashine kwa sindano nyembamba kuliko unywele, unakaa. Baada ya robo tatu za saa kompyuta inachora mstari wenye vilele, kila kilele kemikali yake. Nilichapisha mistari thelathini. Vilele vyake vilikuwa vifupi, yaani kemikali mbaya zilikuwa chache, na mistari ilifanana. Profesa alichukua karatasi tano, akazipanga moja juu ya nyingine, akazibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. Vilele vilikaa kimoja juu ya kingine kama askari kwenye gwaride.

"Unaona hii?" akasema. "Mwalimu, unaona hii?"

Profesa ni mtu mwema, na nataka ijulikane. Idara iliponiona mzee mno, yeye ndiye aliyesema umri si sumu. Lakini programu yetu ilikuwa na wengi waliokuwa wameingia na wachache waliokuwa wametoka, na kila mkutano aliulizwa waliobaki wako wapi. Sasa mmoja wao alikuwa amemletea gwaride.

"Hii ni makala," akasema. "Hii ni tasnifu nzima. Mwakani wewe ni daktari."

Jioni hiyo nilijaribu sahihi yangu mpya nyuma ya kalenda, na "Dkt." mbele. Niliijaribu zaidi ya mara moja.

Jumatano iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya semina. Nilionyesha mistari. Watu wakapiga makofi, kitu kisicho kawaida pale. Binti wa chai akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Hizi ni nyumba thelathini, ama ni nyumba moja mara thelathini?"

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa meno tu.

"Utamaduni ni mmoja," Profesa akanijibia. "Njia ni moja, matokeo ni mamoja."

"Sawa, Prof. Lakini mimi nikichuma chai shamba moja, kichaka cha juu na cha huku chini karibu na mto hazifanani. Na hapo hakuna mtu ametia mkono. Sasa hawa ni wamama thelathini, kila mtu na jiko yake, na kibuyu yake, na haraka yake. Hii data imepigwa pasi."

Niliwaka. Nilitoa hotuba ya dakika kumi kuhusu ustadi wa mababu, jinsi maarifa yanavyopokezwa kutoka mama hadi binti bila kupungua hata tone, na jinsi vijana wa mjini wanavyoshindwa kuamini kitu ambacho hakikuandikwa. Nilitetea mababu ambao hakuna aliyekuwa amewashtaki. Nilipokaa, binti alikuwa ameshaandika kitu kwenye daftari lake na kukifunika. Baadaye aliniambia alikuwa ameandika, "Ana hasira, kwa hiyo hajui."

Alisema kweli. Jumamosi nikaenda kilimani bila koti.

Nilikwenda nyumba namba kumi na moja kwa sababu ndiyo niliyoikumbuka vizuri. Mwenye nyumba ni mama wa miaka sabini na kitu, na kilima chote humwita Kogo, yaani nyanya, hata wanaomzidi umri. Nilimkuta uani akisugua kibuyu kwa sosiot, ile brashi ya miti yenye mpini mrefu. Tuliongea Kikipsigis, hapa nakiweka Kiswahili nikijua kinapoteza chumvi.

"Kogo, nimekuja kuuliza kitu. Maziwa yako na ya jirani zako yanafanana sana. Nataka kujua mnafanyaje."

Akaacha kusugua. Akanitazama kama mtu anayepima kama mgonjwa anaweza kusikia habari.

"Jirani yupi?"

"Wote. Nyumba thelathini."

Alianza kucheka pole pole, kisha akaweka kibuyu chini ili kisivunjike.

"Mwalimu. Unaniuliza kwa nini maziwa yangu yanafanana na maziwa yangu?"

Nikakaa juu ya mawe ya uani bila kukaribishwa.

"Walikuja hapa," akasema. "Siku moja kabla ya wewe kwenda kwao. Leo huyu na kikombe, kesho yule na jagi. 'Kogo, mgeni wa chuo anakuja, yangu bado haijaiva.' 'Kogo, yangu imekaa vibaya.' Mimi nikafikiri huyu mgeni anakunywa namna gani? Nikaongeza vibuyu. Nikamkata ndama maziwa yake. Ukamaliza kibuyu changu hapa, ukakimaliza kwa jirani, ukakimaliza mpaka kule chini barabarani."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Wakuambie nini? Ulikuja na koti kama daktari wa ng'ombe. Chifu ametangaza. Nani anamtolea mgeni kama huyo maziwa yake ya kila siku?"

"Nilisema nataka ya kila siku! Iko kwenye fomu!"

"Ulisema," akakubali. "Hata mkwe husema asitayarishiwe kitu."

Niwaambie hali ilivyokuwa, ili kusiwe na mtu wa kunipa ushujaa nisiostahili. Nilikuwa nimetumia miaka miwili na nusu. Usajili wangu ulibakiza miezi minane. Rasimu ya makala ilikuwa tayari mezani kwa Profesa, ikisema kwamba mursik ya nyumba thelathini za eneo letu imepimwa na ina moshi kidogo sana. Mtangazaji wa redio alikuwa ameshampigia simu kuuliza lini. Na ukweli ulikuwa kwamba nilikuwa nimempima mama mmoja, aliye bora kuliko wote, mara thelathini. Makala ingetoka, na kila nyumba kwenye kile kilima, hata yenye kibuyu kinachonuka moshi kama bomba la lori, ingesikia redioni kwamba yake imepimwa na chuo kikuu na iko salama. Wale mama wangeamini, maana kila mmoja angedhani ni yeye tu aliyeazima.

Nilifika nyumbani nikakaa ndani ya gari muda mrefu nikitafuta njia ya kutojua nilichokwisha kujua. Nilikaribia kuipata. Maziwa si yametoka eneo lile? Si ni mursik? Fomu si zina sahihi?

Jumatatu nilipomweleza, Profesa alitumia maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo. Nadhani ndiyo yaliyonisaidia. Yalisikika vibaya zaidi yakitoka kwa mtu mwingine.

"Kwani si mursik ya kweli?" akauliza.

"Ni ya kweli. Ni ya mama mmoja."

"Basi tuandike 'mursik ya eneo hili.' Hakuna uongo hapo."

"Uko, Profesa."

"Mwalimu, unajua usajili wako unaisha lini?"

"Najua."

"Unajua ni wangapi wameishia hapa hapa ulipo, na hawakurudi?"

"Najua. Siiandiki."

Sikuwa nimewahi kumwambia hapana mtu ambaye nilihitaji sahihi yake.

"Basi huna kitu," akasema, si kwa ukali. Alisema kama daktari anayekusomea karatasi.

"Nina mama mmoja," nikamjibu. "Nimempima vizuri sana."

Nikaiondoa rasimu. Jumatano nikaomba zamu ya semina isiyokuwa yangu, nikasimama, nikaeleza kila kitu, pamoja na hotuba yangu ya mababu. Nilimsubiri binti wa chai aniangushe. Yeye akauliza jambo moja:

"Sasa utawafanya aje wakupe yao wenyewe?"

Kwenda bila kutoa taarifa, kamati ya maadili ingekataa, na ingekuwa sahihi. Kuwaomba mama wasiazime ni kuwaambia mbele ya watu kwamba unajua waliazima, na hapo ungefukuzwa na mbwa. Niliandika barua ya kuomba mwaka mmoja zaidi na, huku nikiingoja, nikarudi kwa Kogo, labda kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akinichekea usoni.

Alinisikiliza akichambua mboga.

"Hiyo ni rahisi," akasema. "Nitakuja na wewe."

"Kufanya nini?"

"Kukaa tu. Nitakaa kwenye kiti. Kuna atakayeniletea mimi maziwa yangu mwenyewe kwenye bilauri yake?"

Nilikuwa nimesoma vitabu vya mbinu za kuchukua sampuli, vingine vinene. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na sura inayoitwa Kogo.

Bodi ya chuo ilinipa mwaka, na barua ya onyo ambayo bado ninayo. Kamati ya maadili iliuliza huyu msaidizi ana sifa gani. Nikajaza: "Anaheshimiwa." Wakapitisha, sijui kama walisoma.

Tukaanza upya nyumba namba moja, taarifa imetolewa, koti limebaki nyumbani. Mama mwenye nyumba alitoka jikoni amebeba jagi, uso umejaa karibu, akamwona Kogo amekaa kwenye kiti chenye kitambaa. Akasimama mlangoni. Kogo akamsalimia kwa furaha kama hajui kitu. Mama akageuka na jagi lake. Tulingoja sana. Aliporudi alikuwa na kibuyu kidogo, kimefungwa kwa kitambaa cha zamani, na hakutuangalia.

"Kogo, kumbe umekuja kutupima?"

"Mwalimu ndiye anapima. Mimi nimekuja kunywa, mdomo wangu hauna mashine."

Ilikuwa na mabonge, na moshi uliokwaruza koo. Kogo alikunywa yote, akafuta mdomo, akasema, "Kongoi." Asante, basi. Hakusema zaidi ya hapo karibu kila nyumba. Mimi nilitamani kusema mengi. Kuna nyumba nilitokwa na machozi, si ya huruma. Kuna nyumba ambayo mursik ilikuwa nzuri kuliko ya Kogo, na wote wawili tulitazamana, na yeye akaomba kuongezewa. Nyumba namba nne, mwenye nyumba alikaa chini kabisa, akaanza kucheka kabla hatujauliza.

"Jamani, tusidanganyane," akasema. "Mimi sina hata kibuyu. Watoto wangu wanakunywa maziwa ya paketi. Ile ya mara ya kwanza, Mwalimu, kazi yangu ilikuwa kuosha bilauri tu."

"Ulisema umejifunza kwa mama yako," nikamkumbusha. Ilikuwa kwenye daftari langu.

"Mama yangu pia alikuwa akiazima."

Kogo alicheka mpaka tukamshika asianguke na kiti.

Miezi ya kuosha vyombo ikarudi. Safari hii mistari haikufanana. Vilele vingine vilikuwa vifupi, vingine vilipanda hadi vikakata karatasi juu. Binti wa chai alikuja kusimama nyuma yangu kwenye kompyuta, akaunyoosha mkono akanipa tano.

"Sasa hii imekunjika vizuri," akasema.

Palikuwa na mpangilio pia, nilipoanza kuwauliza kila mmoja anasuguaje. Wanaongoja kijiti kiive, kigeuke kaa jekundu lisilotoa moshi, maziwa yao yalikuwa na kemikali chache. Wenye haraka, wanaosugua kijiti bado kinafuka, zao zilikuwa nyingi. Sisemi zaidi ya hapo. Sikupima ugonjwa, nilipima moshi, kwenye kilima kimoja. Lakini pande zote mbili zilizokuwa zikipiga kelele zilikuwa zikizungumzia mursik kama kitu kimoja, na si kitu kimoja. Hata mimi, niliyeapa kwamba ni kimoja, ndiye niliyesema kwa kelele kuliko wote.

Nikaandika tasnifu. Katika sura ya tatu nikaeleza yote yalivyotokea: tangazo la chifu, koti, vitambaa, chupa thelathini za mama mmoja, gwaride kwenye dirisha. Nilieleza kwamba sheria nzuri ya kutoa taarifa, ikikutana na adabu nzuri ya kumtunza mgeni, ilizaa data mbaya, na kwamba hakuna aliyekosea ila mimi. Profesa aliisoma akasema tasnifu si kitubio cha kanisani. Nikaiacha ilivyo.

Siku ya utetezi, mtahini wa nje, mama mmoja mkali aliyetoka chuo kingine, aliifungua sura hiyo na hakuiacha kwa dakika arobaini.

"Sura hii inaonyesha hukujua ulichokuwa ukifanya."

"Ndiyo. Sikujua."

"Kwa nini basi unatuonyesha? Watu hukosea, wanarekebisha, wanaandika kilichofanikiwa. Ndivyo sote tunavyofanya."

"Ndiyo maana iko, mheshimiwa. Kuna mtu mwingine yuko njiani na sanduku la barafu. Atakaribishwa vizuri kama mimi. Nataka kabla hajaketi kwenye kile kiti awe ameisoma."

Nilitolewa nje. Nikasimama ukumbini nikiangalia ubao wa matangazo ambao sikumbuki hata tangazo moja. Waliponiita ndani walisema nimefaulu kwa masahihisho, nikapewa orodha ya mambo ishirini na manne. La kwanza: sura ya tatu iondolewe, ibaki sentensi moja kwamba "sampuli za awali hazikutumika." Bila masahihisho kuthibitishwa na msimamizi wangu, yaani Profesa, hakuna shahada.

Nilifanya ishirini na matatu. Nilirekebisha mikato, nilipanga upya majedwali, nilibadilisha rangi ya michoro kwa sababu mtahini mmoja alisema inamuumiza macho. Mbele ya la kwanza niliandika: "Sijafanya. Sababu zimeambatishwa." Sababu zilikuwa kurasa tatu. Mke wangu alizisoma jikoni, akaniuliza kama nimefikiri vizuri, nikasema ndiyo, akasema basi nisije nikalalamika hapo nyumbani. Makubaliano yetu yakawa hayo.

Profesa aliniita ofisini. Fomu ilikuwa mbele yake, na ile sehemu ya sahihi tupu.

"Wakikataa je?"

"Nitabaki mwalimu. Nimekuwa miaka ishirini, sikufa."

"Hii sentensi moja wanayotaka si uongo."

"'Hazikutumika.' Profesa, zilitumika. Zilitumika kunifundisha kazi. Hakuna nilichojifunza hapa zaidi ya zile."

Akafungua sura ya tatu. Alisoma pole pole, akilowesha kidole. Nje wanafunzi wa shahada ya kwanza walikuwa wakitoka kwenye zoezi, wakigombana kuhusu nani amepoteza kizibo. Alifika mahali akasimama.

"Hapa. 'Katika semina ilielezwa kwamba utamaduni ni mmoja, kwa hiyo matokeo ni mamoja.' Ilielezwa na nani?"

Nilijua swali hilo lingekuja, na nilikuwa nimejiandalia majibu matatu. Hakuyangoja.

"Mimi ndiye nilisema," akasema mwenyewe.

"Nilisema na mimi. Dakika kumi."

"Yako umeiandika wazi. Yangu umeificha kwenye 'ilielezwa.'" Akaisukuma tasnifu upande wangu wa meza. "Andika ni msimamizi. Ukishaandika, lete nitie sahihi."

Niliandika hapo hapo kwa kalamu, ukurasani, kisha nikakimbia kwenda kuchapisha ukurasa upya kabla hajabadili mawazo, na mtu wa umri wangu akikimbia kwenye ujia wa idara ya kemia watu hudhani kuna moto. Binti wa chai alitoa kichwa mlangoni na kizima moto mkononi.

Profesa alitia sahihi. Bodi ilikaa na faili yangu wiki sita. Jibu lilipokuja lilikuwa mstari mmoja: masahihisho yamepokelewa na mtahiniwa aendelee na kuchapisha. Hawakusema wamekubaliana nami. Sikwenda kuuliza. Nilichapisha nakala tano, sura zote saba, na moja nikaipeleka kilimani, nyumba namba kumi na moja, nikaifungua kwenye sura ya tatu na kumsomea Kogo, nikigeuza Kiingereza kuwa Kikipsigis papo hapo. Alinikatiza mara mbili kunirekebisha idadi ya vibuyu.